Gari Linaloharibika Kila Likitengenezwa: Haki za Mnunuzi Katika Sharia na Katika Sheria za Nchi



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Katika mambo ya biashara yanayozikera familia zetu za Unguja na Pemba, na jamaa zao walioko ng'ambo, ni hili la magari. Mtu anajikusanyia fedha kwa miaka, ananunua gari lenye waranti, na mwezi haujaisha giaboksi inagoma. Muuzaji analitengeneza. Baada ya wiki mbili linarudi gereji kwa ubovu ule ule. Mara ya tatu anaambiwa asubiri spea. Huku watoto wanakwenda skuli kwa daladala na deni linaendelea kulipwa. Je, ana haki ya kulirejesha gari na kupewa fedha zake, au kazi yake ni kusubiri tu mpaka waranti imalizike?

Sharia inasemaje?

Wanazuoni wanaliita suala hili khiyari ya aibu. Mnunuzi akikuta kasoro inayopunguza thamani ya kitu au kuharibu kusudio lake, naye hakuijua wakati wa kununua, anayo hiari ya kukirejesha na kuchukua thamani yake, au kubaki nacho. Msingi wake ni Hadithi ya mnyama aliyezuiliwa maziwa ili chuchu zake zionekane zimejaa. Mtume (S.A.W.) alimpa mnunuzi wake hiari ya kubaki naye au kumrejesha.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayafuata, yako mambo manne ya kuzingatia:

1. Kasoro iwe ilikuwepo kabla mnunuzi hajakabidhiwa. Iliyozuka baadaye mikononi mwake haimpi haki hii, lakini kwa hiyo anaweza kudai kwa mujibu wa waranti, kwani hayo ni makubaliano na Muislamu ameamrishwa kutekeleza ahadi.

2. Arejeshe mara tu anapoijua kasoro. Kuchelewa kwa udhuru wa kawaida, kama kusali, kula au kungoja kupambazuke, hakumdhuru.

3. Aache kukitumia baada ya kujua. Anayeendelea kubeba abiria kwa gari analojua ni bovu huonekana ameridhia. Imam Nawawi katika Minhaj amemsamehe anayempanda mnyama mkaidi asiyeweza kuswagwa wala kukokotwa, akiwa njiani kumrejesha. Kwa kipimo hicho, kuliendesha gari kulipeleka kwa muuzaji si kuridhia.

4. Kasoro ikiondoka kabla ya kurejesha, hiari nayo inaondoka. Kwa hiyo ufundi uliofanikiwa unamaliza mgogoro. Ufundi usiofanikiwa haukuondoa kitu, na aibu ingalipo.

Kwa sababu ya sharti la pili na la tatu, tunamshauri mnunuzi anayekubali gari litengenezwe aseme wazi, tena kwa maandishi, kwamba anampa muuzaji nafasi ya kutengeneza lakini hajaridhia kasoro. Kukaa kimya ndiko kunakowapotezea wengi haki zao.

Vipi muuzaji aliyesema "tunauziana kama lilivyo"? Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba sharti hilo humtoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama asiyoijua, basi. Gari si mnyama. Na anayeijua kasoro akaificha ana dhambi ya ghushi kwa hali yoyote.

Sheria za nchi

Kwa walioko Uingereza, sheria ya haki za mtumiaji ya mwaka 2015 inamlinda anayenunua kwa mfanyabiashara. Ndani ya siku 30 za mwanzo anaweza kulikataa gari lenye kasoro na kurejeshewa fedha zote. Baada ya hapo muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza. Ikishindikana, mnunuzi anaweza kudai punguzo la bei au kulirejesha gari, na hapo hukatwa kiasi kwa matumizi aliyokwisha kulipata. Kwa madai hayo ya baada ya siku 30, kasoro iliyojitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Madai haya ni juu ya muuzaji mwenyewe, hata kama waranti ni ya kiwanda.

Marekani, gari la aina hii huitwa "limau", na Connecticut ilitunga sheria yake mwaka 1982. Kwa California, ndani ya miezi 18 au maili 18,000, ile itakayotangulia, gari huchukuliwa kuwa limeshindikana likitengenezwa mara 4 kwa ubovu mmoja, au mara 2 kwa ubovu unaoweza kuua, au likikaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla.

Hapa Zanzibar tunayo sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara hupokea malalamiko ya wanunuzi. Tunawakumbusha kwamba Mahkama ya Kadhi hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Kesi ya gari haiendi huko, inakwenda mahkama za kawaida.

Ufanye nini?

Hifadhi mkataba, risiti na waranti. Kila gari linapoingia gereji, dai karatasi yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kilomita zilizosomeka na kazi iliyofanywa. Eleza ubovu kwa maneno yale yale kila mara, ionekane kuwa ni mmoja. Usilipeleke kwa fundi wa mtaani kabla ya kumjulisha muuzaji, asije akapata pa kujitetea. Ukilikataa gari, andika barua, weka nakala, kisha acha kulitumia. Suluhu ni bora, lakini iandikwe na ishuhudiwe.

Na ewe ndugu muuzaji, Mtume (S.A.W.) alipoukuta umande ndani ya rundo la chakula sokoni alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Sema aibu ya gari lako kabla hujapokea fedha. Ukweli wa wauzianao ndio unaoleta baraka katika biashara yao, na kuficha huifuta.

Wallaahu aalam.