Mahakama za kimataifa Arusha: mlango upi uko wazi kwako?

Wadau, Arusha tunaishi na mahakama za kimataifa kama majirani, ila ukiuliza vijiweni wengi wanazichanganya zote. Zinatofautiana sana, na ukikosea mlango haki yako inaweza kupotea. Nimejaribu kuziweka sawa hapa kwa kifupi.

1. MAHAKAMA YA RWANDA (ICTR)
Iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ikawa inasikiliza kesi pale AICC. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari, na ikasema ubakaji nao unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Ilifungwa 31 Desemba 2015, na kazi zilizobaki zikachukuliwa na IRMCT iliyopo Lakilaki. Huku mwananchi hafungui kesi.

2. MAHAKAMA YA AFRIKA YA HAKI ZA BINADAMU NA WATU
Ilihamia Arusha kutoka Addis Ababa mwaka 2007. Ili mtu binafsi aende moja kwa moja, nchi yake lazima iwe imetoa tamko la kuruhusu hivyo. Tanzania ilitoa lake mwaka 2010, na watu walilitumia kweli kweli: ndiyo nchi iliyoshtakiwa mara nyingi kuliko zote, na walalamikaji wengi walikuwa wafungwa.

Juni 2013 Mchungaji Mtikila na wenzake walishinda kesi ya mgombea binafsi. Novemba 2019, kesi ya Ally Rajabu na wenzake, mahakama ikasema sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua inavunja haki ya kuishi.

Mwezi huo huo serikali ikaondoa tamko. Sababu iliyotajwa ni kwamba lilikuwa linatumika kinyume na masharti ambayo Tanzania iliyaweka wakati wa kulitoa. Rwanda ilishatangulia mwaka 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020.

Je, nchi inaweza kujitoa tu ikiamua? Mahakama ilijibu kwamba inaweza, ila baada ya notisi ya mwaka mmoja, na kesi zilizokwisha funguliwa zinaendelea. Kwa Tanzania mwisho ulikuwa 22 Novemba 2020. Baada ya hapo mwananchi hawezi tena kwenda mwenyewe. Njia iliyobaki ni kulalamika kwa Kamisheni ya Afrika, makao yake Banjul, Gambia, ambayo yenyewe inaweza kupeleka shauri mahakamani. Yaani jengo liko Arusha, barua yako inapitia Gambia!

3. MAHAKAMA YA HAKI YA AFRIKA MASHARIKI (EACJ)
Hii ilizinduliwa Novemba 2001, ipo makao makuu ya Jumuiya. Huhitaji tamko lolote, na hulazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba sheria au kitendo cha serikali kinavunja Mkataba wa Jumuiya. Ndiyo iliyozuia barabara ya lami kukatisha Serengeti (Juni 2014), na Machi 2019 ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakwenda kinyume na Mkataba.

Lakini angalia hapa: una MIEZI MIWILI TU tangu jambo litokee au tangu ulipolifahamu. Ukichelewa, kesi inatupwa hata kama una hoja nzito.

Kwa hiyo kama wewe au kijiji chenu mna mgogoro na serikali, muone wakili mapema na muandike tarehe mliyopata habari. Wanaotetea kuondolewa kwa tamko wanasema mambo yetu yaishie kwenye mahakama zetu. Sawa, ila mfungwa aliyemaliza rufaa zote za nyumbani aende wapi?

Mnasemaje wadau? Wanasheria mliopo, tusaidieni kufafanua.