Chumbe na Misali: Historia ya Hifadhi Mbili Zilizotuzwa Zanzibar

Mwaka 2000, visiwa viwili vidogo vya Zanzibar vilitambuliwa kimataifa kwa uhifadhi wa mazingira. Chumbe, kilichoko kusini mwa Mji wa Zanzibar, kilipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, na Misali, kilichoko magharibi mwa Pemba, kikatajwa nchini Nepal, katika mkutano wa viongozi wa dini na wahifadhi, kuwa miongoni mwa zawadi takatifu kwa dunia. Historia ya visiwa hivyo inaonyesha kwamba tuzo hizo zilithibitisha ulinzi ambao tayari ulikuwa na mizizi katika makatazo na imani za zamani zaidi.

Chumbe kilijulikana kwanza kwa mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 ili kuongoza vyombo vya baharini. Kwa kuwa upande wake wa magharibi ulipakana na njia ya meli na eneo la kijeshi, uvuvi ulizuiwa huko kwa muda mrefu, na hivyo mwamba wa matumbawe ukanusurika na baruti na nyavu za kukokota. Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller alianzisha mradi wa kukihifadhi kisiwa kwa mapato ya utalii, na mwaka 1994 Serikali ikautangaza mwamba huo kuwa eneo tengefu, yaani lisilovuliwa kabisa, huku msitu wa maweni, yaani ule unaoota juu ya jiwe la matumbawe ya kale, nao ukilindwa kisheria.

Kazi ya ulinzi walikabidhiwa wavuvi wa vijiji vya jirani, ambao hawabebi silaha. Mtumbwi unapoingia ndani ya mpaka, mlinzi humwendea mvuvi na kumweleza kwamba samaki wanaozaliana mwambani hutoka na kujaza maji ambayo yeye anaruhusiwa kuvua. Maelezo hayo hukubalika kwa urahisi zaidi kwa sababu msemaji ni mtu wa bahari. Nchi kavu nayo haikusahauliwa: panya waliangamizwa mwaka 1997, paa nunga, ambaye ni mnyama adimu, akaletwa msituni, na nyumba za wageni zikajengwa kwa mapaa yanayokinga maji ya mvua na vyoo vya mboji, ambavyo havitumii maji.

Misali kilifuata njia nyingine, kwani kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, sehemu ndogo tu ilifungwa, na wavuvi wa Pemba wakaendelea kuvua kwingineko. Mapokeo husema kwamba Nabii Khidhri aliswali hapo, na juu ya heshima hiyo yakajengwa mafundisho ya ukhalifa, yaani dhana ya Kiislamu kwamba binadamu amekabidhiwa viumbe kama amana ya Mwenyezi Mungu, jambo lililoipa kanuni ya hifadhi nguvu ambayo amri ya serikali pekee isingeipata.

Global 500 ilikoma mwaka 2003, lakini hifadhi zote mbili ziliendelea kuwepo, kwa sababu msingi wake haukuwa tuzo bali ridhaa ya wavuvi, waliopewa sababu ya kuzuia mikono yao: Chumbe kwa ajira na elimu, Misali kwa imani na haki ya kuendelea kuvua.