Doktrini ya Mount Laurel

Doktrini ya Mount Laurel ni kanuni ya sheria katika jimbo la New Jersey, Marekani, inayoutaka kila mji wa jimbo hilo utoe nafasi kwa sehemu yake ya nyumba za gharama nafuu zinazohitajika katika eneo lake. Ilitokana na hukumu mbili za Mahakama ya Juu ya New Jersey, za mwaka 1975 na 1983, katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya mji wa Mount Laurel, Kaunti ya Burlington. Doktrini hiyo haiulazimishi mji kujenga nyumba kwa fedha zake. Inachodai ni kwamba mji ukague ardhi yake na kulegeza masharti ya matumizi ya ardhi hiyo, ili anayetaka kuwajengea watu wa kipato cha chini apate mahali pa kujenga.

== Chimbuko ==

Mount Laurel uko maili saba hivi (kilomita 11) kutoka jiji la Camden, na si mbali na Philadelphia. Una eneo la maili za mraba 22, yaani ekari 14,000 hivi. Kwa muda mrefu ulikuwa mji wa mashamba, lakini barabara kuu zilipofika wakazi waliongezeka kutoka 2,817 mwaka 1950 hadi 11,221 mwaka 1970.

Kati ya wenyeji wa zamani kulikuwa na familia za Wamarekani Weusi zilizoishi hapo kwa vizazi kadhaa. Wengi walikaa mtaa wa Springville katika nyumba zilizochakaa, nyingine zikiwa mabanda ya kuku yaliyogeuzwa makazi. Kikundi cha wakazi, akiwemo mwalimu wa watoto wadogo Ethel Lawrence, kiliomba ruhusa ya kujenga nyumba 36 za ghorofa za bei wanayoiweza. Mwaka 1970 ombi hilo lilikataliwa. Mwaka uliofuata Lawrence na wenzake, pamoja na matawi ya NAACP ya eneo hilo, walikwenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili wa msaada wa sheria kutoka Camden.

Chuki ya rangi ilikuwamo, lakini kesi yenyewe ilijengwa juu ya hesabu za kodi. Shule za New Jersey hutegemea sana kodi ya ardhi na majengo inayokusanywa na mji wenyewe. Kiwanda hulipa kodi na hakileti mtoto shuleni. Nyumba ndogo ya bei rahisi hulipa kodi kidogo na huenda ikaleta watoto watatu. Kwa hiyo mji ulikuwa umetenga ekari 4,121, karibu asilimia 30 ya ardhi yake yote, kwa ajili ya viwanda pekee, ilhali vilivyokuwepo havikuzidi ekari 100. Sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ilikuwa ya nyumba za familia moja moja kwenye viwanja vikubwa. Hata pale ghorofa ziliporuhusiwa, makubaliano na wajenzi yaliweka kikomo: wastani wa watoto wa shule ukizidi 0.3 kwa kila nyumba, mjenzi ndiye atakayelipia gharama ya masomo yao.

== Hukumu ==

Mwaka 1975 mahakama, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Frederick Hall, iliamua kwamba mji unaoendelea kukua hauwezi kutumia mamlaka yake juu ya ardhi kuwafungia nje watu wa kipato cha chini na cha wastani. Mamlaka hayo hutoka kwa jimbo, na ni ya manufaa ya watu wote wa eneo, si ya waliokwisha kuingia tu.

Mount Laurel uliitikia hukumu hiyo kwa kutenga maeneo matatu yenye jumla ya ekari 20 hivi, chini ya robo ya asilimia moja ya ardhi yake. Eneo la kwanza lilikuwa mali ya mwendelezaji wa viwanda ambaye hakuwa na mpango wa kujenga makazi. La pili lilikuwa kando ya kijito, na sehemu yake ilikuwa ya majimaji. La tatu lilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa makazi uliokuwa na mwenyewe. Kwenye karatasi mji ulikuwa umetii, lakini hakuna nyumba hata moja ya gharama nafuu iliyojengwa.

Mwaka 1983 Jaji Mkuu Robert Wilentz aliandika hukumu ya pili, iliyounganisha kesi sita za miji mbalimbali. Mahakama sasa ilitaka idadi kamili ya nyumba kwa kila mji, na ikampa mjenzi njia ya kudai haki: akionyesha kuwa mji haujatimiza wajibu wake, na kwamba kiwanja chake kinafaa, mahakama inaweza kumruhusu ajenge nyumba nyingi zaidi ya zinazoruhusiwa, mradi sehemu ya kutosha, kwa kawaida asilimia 20, iwe ya gharama nafuu.

== Ukaguzi wa viwanja ==

Mwaka 1985 bunge la jimbo lilitunga Sheria ya Haki katika Makazi na kuunda Baraza la Nyumba za Gharama Nafuu. Kanuni za baraza hilo, ambazo zinakumbusha viwanja vya Mount Laurel vya miaka ya 1970, ziliweka masharti manne kwa kiwanja chochote kitakachohesabiwa. Kwanza kiwe kinapatikana: hatimiliki iwe safi, bila pingamizi la kuzuia ujenzi. Pili kifae: kipakane na matumizi yanayopatana na makazi na kifikiwe na barabara ya kutosha. Tatu kiendelezeke, yaani kiwe na huduma ya maji na mfumo wa majitaka au uwezekano wa kuunganishwa. Nne kiweze kuidhinishwa na mamlaka zote zinazohusika, zikiwemo za mazingira. Sharti la majitaka ndilo huangusha viwanja vingi vya mashambani, maana nyumba nyingi kwenye ekari moja haziwezi kutegemea mashimo.

Mji unaodai kwamba umeishiwa ardhi hutakiwa kuorodhesha viwanja vyake vilivyo wazi kimoja kimoja, ukubwa wake, na sababu ya kukiondoa kwenye hesabu: ardhioevu, mteremko mkali, au udogo usiotosha hata nyumba tano. Mashamba na baadhi ya viwanja vya gofu vya watu binafsi vinaweza kuingizwa kwenye orodha. Idadi ikipunguzwa kwa sababu hiyo deni halifutwi. Mji hutazamiwa kutumia nafasi zinazojitokeza baadaye, kwa mfano jengo la maduka linapofungwa.

Sheria ya 1985 iliacha pia mlango wa nyuma: mji uliweza kuulipa mji mwingine uchukue hadi nusu ya wajibu wake. Miji tajiri iliutumia sana kuipelekea nyumba miji maskini, hadi ulipofungwa mwaka 2008.

== Nyumba za Ethel Lawrence ==

Huko Mount Laurel kwenyewe ruhusa ya kujenga ilitolewa mwaka 1997, baada ya vikao vya hadhara ambapo wakazi walidai kwamba uhalifu na kodi vitapanda na thamani ya nyumba zao itashuka. Wapangaji wa kwanza waliingia mwishoni mwa mwaka 2000. Lawrence, ambaye mradi umepewa jina lake, alikuwa amefariki mwaka 1994. Utafiti wa Douglas Massey wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake, uliochapishwa kama kitabu mwaka 2013, haukuona dalili kwamba mradi ulileta lolote kati ya hayo yaliyohofiwa.

== Mabadiliko ya baadaye ==

Baraza lilishindwa kwa miaka mingi kutoa kanuni zinazokubalika, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilirudisha kesi hizo kwa majaji. Sheria iliyotiwa saini na Gavana Phil Murphy mwezi Machi 2024 ililivunja baraza na kuikabidhi Idara ya Masuala ya Jamii kazi ya kukokotoa idadi ya kila mji. Mahitaji mapya ya eneo hugawanywa kwa vigezo vitatu: thamani ya mali zisizo za makazi, kipato cha wakazi, na ardhi inayoweza kuendelezwa. Awamu ya nne, ya miaka kumi, ilianza tarehe 1 Julai 2025. Baadhi ya miji, ukiwemo Montvale, iliipinga sheria hiyo mahakamani.