Breki za kaboni na seramiki: barabara ilizikubali, uwanja wa mbio ukaziunguza

Shoferi wa lori anayeshuka mlima wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, hahitaji kufundishwa kwamba adui wa breki ni joto. Akikanyaga mara ya kwanza, gari linatii. Akikanyaga mara ya kumi, harufu ya kuungua inaingia hadi ndani ya kabini, na pedali inashuka bila gari kupunguza mwendo. Mafundi husema freni zimechoka. Historia ya breki ghali zaidi za magari, zile za kaboni na seramiki zinazofungwa kwenye Porsche na Ferrari, ni ya watu waliopigana na joto hilohilo. Mahali pamoja walilishinda, mahali pengine likawashinda.

Breki ya diski yenyewe si kitu cha jana. Mwingereza Frederick Lanchester aliiandikishia hati ya uvumbuzi mwaka wa 1902. Ilikaa pembeni kwa miaka mingi, magari yakiendelea na breki za ngoma, hadi Jaguar C-Type iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka wa 1953, ikiwa na diski za Dunlop. Ngoma hufungia joto ndani, diski hupigwa na upepo. Lakini diski ya chuma ni nzito, nayo ina mwisho wake.

Jibu lilitoka kwenye ndege. Concorde ilianza kubeba abiria Januari 1976. Ilitua kwa mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa saa, na kila kilo iliyopunguzwa ilikuwa faida. Dunlop iliitengenezea diski za kaboni tupu: nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa kaboni. Mwaka huohuo timu ya Brabham, ambayo magari yake yalichorwa na Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, ilianza kujaribu kaboni katika Formula 1. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa jambo la kawaida kwenye mashindano hayo.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Breki za Formula 1 si zile anazouziwa tajiri anayenunua gari la barabarani. Kaboni tupu ikiwa baridi haishiki vizuri. Inataka kwanza joto la mamia ya digrii. Dereva wa mbio anaweza kuipasha moto kabla ya kuanza. Mtu aliyetoka nyumbani asubuhi, mtoto akakimbilia mpira mbele ya gari kwenye kona ya kwanza, hana nafasi hiyo. Kwa barabara ilibidi ipatikane diski inayoshika hata ikiwa baridi na imelowa mvua.

Kazi hiyo ilifanyika sana mjini Stuttgart, Ujerumani, ambako watafiti wa kituo cha anga cha DLR walikuwa wakitengeneza kinga za joto kwa ajili ya vyombo vinavyorudi duniani kutoka angani. Nyuzi za kaboni zinachanganywa na resini, zinashindiliwa kwenye kalibu, kisha zinachomwa bila hewa hadi resini inageuka kaboni yenye matundu madogo madogo. Halafu silikoni, ambayo huyeyuka ikipita digrii 1,400, inanyonywa ndani ya matundu hayo kama mafuta kwenye utambi. Ikikutana na kaboni, inageuka kabidi ya silikoni, kitu kigumu ambacho hutengenezewa hata mawe ya kunolea visu.

Mwaka wa 2000 Mercedes ilizifunga kwenye idadi ndogo ya CL 55 AMG. Mwaka uliofuata Porsche, ambayo makao yake ni Stuttgart hiyohiyo, ilizitoa kwenye 911 GT2. Uzito wa diski ulishuka kwa karibu nusu, kutu ikakoma, vumbi jeusi kwenye rimu likapungua. Ilisemwa kwamba diski inaweza kufika kilomita 300,000. Ferrari Enzo ilifuata mwaka wa 2002 ikiwa na diski za Brembo.

Kilomita hizo zilikuwa za barabarani. Wenye magari walipokwenda kuzunguka uwanjani, kona baada ya kona bila kupumzika, mambo yalibadilika. Nyuzi zile ni kaboni, na kaboni ni ndugu ya makala ya kwenye mbabula: ikipata moto mkali pamoja na hewa, inaungua. Diski ya chuma ikiisha inakuwa nyembamba, na fundi anaipima unene. Ya seramiki inaweza kubaki na unene wake huku ndani imeliwa. Ndiyo maana uzito wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, na fundi huivua na kuiweka kwenye mizani, kama samaki sokoni.

Nchini Marekani, breki hizo kwenye Porsche mpya ziliongeza bei kwa zaidi ya dola 8,000. Wengi wa wanaopenda uwanja walipiga hesabu: wakazivua zingali nzima, wakazihifadhi kwa siku ya kuuza gari, wakafunga za chuma. Porsche yenyewe, kwa gari lake la mashindano, 911 GT3 Cup la leo, inatumia diski za chuma. Anayezinunua ili aende mbio kila wiki amedanganywa na jina. Anayeziweka barabarani hajakosea, ila amelipa sana.

Pengine ndiyo sababu mwaka wa 2017 Porsche ilileta njia ya katikati kwenye Cayenne: diski ya chuma iliyopakwa tabaka jembamba la kabidi ya tungsteni, isiyopata kutu kwa urahisi na yenye vumbi kidogo, kwa bei iliyo chini ya seramiki. Tungsteni hiyo hupatikana kwenye wolframite, jiwe zito jeusi ambalo wachimbaji wa Kivu na Maniema wanalijua sawa na wanavyojua koltani na kasiterite.