Msimu, Kaskazi na Nyimbo za Majira Mombasa Bara

Nyimbo za majira ambazo wanajazi wamezifanya urithi wao wa pamoja zilizaliwa, aghalabu, katika nchi zenye majira manne. “Autumn Leaves” ilitungwa Ufaransa mwaka 1945, muziki ukiwa wa Joseph Kosma na maneno ya Jacques Prévert. “Summertime” ya George Gershwin ilitoka katika opera ya mwaka 1935, na kundi la watu wanne la John Coltrane likairekodi mwaka 1960. Katika mapokeo hayo majira husomwa mtini: jani likipukutika, penzi nalo limekwisha.

Mhakiki wa Likoni au Kisauni hukwamishwa kwanza na msamiati. Je, majira ya jani kuanguka yaitwe demani? Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hulieleza neno hilo kuwa kipindi cha upepo mwanana wa kusi, na pia kuwa kamba ya tanga. Hapa majira husomwa chomboni. Msimu lenyewe ni neno la Kiarabu, lile lile ambalo Wareno walilifanya jina la pepo hizi: kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarejesha.

Ndege za watalii hazikuufuta utaratibu huo. Mlango tu ndio uliohama, kutoka Bandari ya Kale kisiwani hadi uwanja wa ndege ulioko upande wa Changamwe. Wageni walivushwa kwa feri ya Likoni kwenda Diani, au kwa daraja la Nyali, lile jipya la mwaka 1980, kwenda Bamburi na Shanzu. Walifurika Desemba hadi Machi wakikimbia baridi ya kwao, yaani kaskazi ile ile. Masika yalipoingia, hoteli zilipunguza watu, wanamuziki wakiwamo.

Them Mushrooms, kundi lililoundwa mwaka 1972, lilikulia katika hoteli hizo. “Jambo Bwana” yao ya mwaka 1982 imedharauliwa mno kama kibwagizo cha watalii. Ni wimbo wa majira hasa, ingawa hautaji jua wala mvua: unampokea mgeni wa kaskazi na kumhakikishia kwamba nchi ni salama.

Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Machafuko yaliyofuata yaliua watu wengi na kuwahamisha maelfu. Kaskazi ya mwaka huo ilivuma kama ada. Wageni walikuwa wachache, na bendi za hoteli zikakosa wa kumwimbia.