'Shamsi' ni neno la washairi, ila nduguye alikuwa hakimu Babeli

JUZI mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: neno 'shamsi' tunalolikuta katika mashairi limetoka wapi? Nilimjibu upesi kwamba ni la Kiarabu, maana yake jua. Jibu lilikuwa sahihi, ila nilimnyima nusu ya hadithi.

Kiarabu kina ndugu mkongwe, Kiakadi, lugha ya Kisemiti iliyozungumzwa na Wababeli na Waashuri katika nchi ambayo leo ni Iraki. Kwa Kiakadi jua ni 'shamshu', na mungu wa jua ni Shamash. Wasumeri walimwita Utu. Mahekalu yake makuu yalikuwa Sippar na Larsa, na yote mawili yaliitwa Ebabbar, yaani nyumba ing'aayo.

Kumbe Shamash hakuwa mungu wa mwanga tu, alikuwa hakimu pia. Mantiki yenyewe ni nyepesi: jua hupita juu ya kila paa kila siku, basi nani atalificha jambo? Katika utenzi wa kumsifu, mfanyabiashara mwenye mizani ya hila anaonywa vikali. Wafalme wa Ashuru, kama Esarhaddon, walimwuliza kuhusu vita, na jibu likatafutwa katika ini la kondoo.

Hebu tutazame jiwe la Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 KK. Lilifukuliwa Susa, Iran, mwaka wa 1901 na sasa liko Louvre, Paris. Kileleni Shamash ameketi, miali ikimtoka mabegani, naye mfalme amesimama mbele yake. Wengi hudhani mungu anampa sheria. La hasha! Anachomnyoshea ni fimbo na pete, alama za mamlaka. Sheria, Hammurabi anajinasibu nazo mwenyewe.

Mwishoni mwa maandishi hayo, aliyedhulumiwa anaalikwa aje mbele ya jiwe, asomewe, aielewe kesi yake, moyo utulie. Na angesomewa kwa lugha gani? Kiakadi, lugha ya watu, wala si Kisumeri, ambacho kufikia wakati huo kilikuwa kimebaki cha makuhani na waandishi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Jua huona dhuluma yote, lakini haki haijamfikia mnyonge hadi aisikie kwa lugha anayoielewa. Hiyo ndiyo nusu ya hadithi ninayomdai mwanafunzi wangu.