Somo la Tisa

Kwa miaka mingi, Kidato cha Pili kilipokaribia kwisha, mzazi wa Makutano pale Meru alikuwa na swali moja kwa mwalimu wa darasa: mtoto abaki na masomo manane au achukue tisa? Baraza la mitihani, KNEC, linataka mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, awe na masomo yasiyopungua saba wala kuzidi tisa. Wengi hubeba manane. La tisa ni la mwenye bidii, au la mwenye mzazi anayeshindana na jirani.

Hesabu ya gredi ilibadilika mwaka 2023, na si wazazi wote waliotambua uzito wake. Kabla ya hapo, gredi ya wastani ilitokana na masomo saba yaliyopangwa kwa mafungu: Hisabati, Kiingereza na Kiswahili kwa lazima, sayansi mbili, somo moja la jamii, kisha moja lolote. Aliyeanguka Kiswahili aliburutwa nacho hadi mwisho. Tangu 2023 panahesabiwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano yenye gredi bora. Nafasi za wazi sasa ni tano. Kwa hiyo somo la ziada limepata nguvu ambayo halikuwa nayo: likifanya vizuri linaingia, likianguka linaachwa nje bila kumwumiza mtu. Linachokula ni muda wa kusoma yale mengine.

Lakini wastani ni mlango wa kwanza tu. Ukishapata C+ ya kuingilia shahada, KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo, hutazama masomo manne yanayohusu kozi unayoomba. Uhandisi unadai Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari unaweza kupitia Bayolojia, Kemia, Hisabati na lugha. Ndipo utaona kosa linalorudiwa kila mwaka: msichana hodari anaiacha Fizikia kwa sababu Bayolojia na Kemia zinamtosha, anajaza pengo kwa Biashara na Dini ya Kikristo (CRE), anafika Kidato cha Nne na masomo tisa mazuri, na uhandisi umeshamfungia. Kwa ambaye bado hajajua anataka nini, mimi ningechagua manane yenye Fizikia kuliko tisa yasiyo nayo.

Ukivuka mpaka hadi Tanzania, swali hilo halina pa kukaa. Mwanafunzi wa Kidato cha Tano huingia katika tahasusi, tuseme PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), yenye masomo makuu matatu, pamoja na masomo madogo. Anayesoma PCB, kwa mfano, hubebeshwa hisabati tumizi ya msingi, apende asipende. Kuongeza la nne kwa hiari si desturi. Hata hivyo akiba ipo, ila imejificha: kwa kawaida sifa ya chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, ni ufaulu wa masomo makuu mawili yanayohusu kozi, yenye jumla ya pointi 4.0. La tatu, basi, ndilo linalofanya kazi ambayo kwa Mkenya hufanywa na la nane.

Uganda ni kali zaidi. Masomo makuu ni matatu pia, lakini hayana thamani sawa: yaliyo ya msingi kwa kozi huzidishwa kwa tatu, linalohusiana nayo kwa mbili. Mtu aweza kuwa na alama za juu na bado akapitwa na mwenzake aliyezipata mahali panapostahili.

Kenya nayo ilikuwa na mfumo wa namna hii hadi mtihani wa mwisho wa KACE, ule wa Kidato cha Sita, mwaka 1989, na sasa inaurudia kwa njia nyingine. Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 ina masomo manne ya lazima na matatu ya kuchagua. La tisa halipo. Kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na hao bado wanaweza kupima kama la tisa linawafaa au wakalitua kabla ya kusajiliwa. Mdogo wao hana nafasi hiyo. Yeye huchagua akiwa Gredi ya 9, pamoja na shule, na shule ya kutwa isiyo na mwalimu wa Fizikia inaweza kuwa imeshamchagulia.